Mlambaji Hufika Kijitini

"Mlambaji hufika kijitini." Mmecheka niliposema hivyo, kwa sababu nimemrudisha Nasra akaoshe kifuniko cha kunyonyea cha chupa ya maji ya mdogo wake, na chupa yenyewe ameshaiosha. Mnauliza msemo huu nimeutoa wapi. Haya, kaeni. Ulianzia Muheza, nyumba ya pili kutoka kwangu, kwa Tausi mke wa Mbaruku.

Tausi alikuwa na mtoto mdogo, Mbwana, aliyetoka kuugua tumbo la kuhara. Alibaki macho tu yule mtoto. Uji anatema, wali hataki kuuona. Alichokuwa anakililia ni kimoja, lambalamba, ile barafu tamu ya kijiti. Kengele ya muuzaji ikilia barabarani, ananyoosha mikono. Na Tausi alikuwa na hakika kwamba hizo hizo za barabarani ndizo zilizomwangusha.

Akasema, "Za barabarani halambi tena. Nitamtengenezea mwenyewe."

Mama mkwe wake, Bi Mgeni, akamcheka. "Wewe? Wewe uliyeunguza maji ya chai?"

"Nitatengeneza, mama. Utaona."

Na kweli alitengeneza. Maji aliyachemsha, akayapoza yakiwa yamefunikwa. Embe dodo mbivu akaziosha, akamenya, akaponda, akachuja kwa kitambaa ambacho nacho alikichemsha. Sukari hakutia, wala rangi. Akamimina kwenye vikombe vidogo, akaja kugandisha kwenye friji yangu.

Embe ilipoanza kushika, ndipo akakumbuka kwamba hana vijiti. Akarudi kwake mbio. Ukutani kilining'inia kifurushi cha binti yake Zuhura, wa darasa la kwanza, vijiti vya kuhesabia. Vilikuwa vile vile vya lambalamba, bapa, vimenyooka. Zuhura mwenyewe alikuwa madrasa. Tausi akavisuuza kwa maji, akaja akavichomeka.

Kesho yake, Jumapili, Mbwana akalamba. Alilamba mpaka embe ikamtiririka kiwikoni! Bi Mgeni naye akaomba yake, akasema, "Leo umenifunga mdomo."

Zuhura akaingia, katoka madrasa. Akatazama ukutani. "Mama, vijiti vyangu viko wapi? Kesho mwalimu atanigombeza."

"Mdogo wako anacho kimoja mdomoni," bibi yake akamwambia.

Zuhura akaangua kicheko. "Hee! Mbwana analamba kijiti cha mtaroni!"

Tausi akageuka. "Mtaro gani?"

"Ule wa sokoni, mama. Watu wakimaliza kulamba si wanatupa? Sisi tunaokota. Darasa zima tunaokota pale."

Embe ilikuwa imekwisha. Mbwana alikuwa anatafuna kijiti.

Tausi akakinyofoa mdomoni, mtoto akapiga yowe. "Lakini niliviosha," akasema. "Mama, si niliviosha?"

Bi Mgeni akaiweka yake chini. Safari hii hakucheka. "Mwanangu, umechemsha maji, umechemsha hata kitambaa. Mtoto atalamba embe itakwisha, halafu? Mlambaji hufika kijitini."

Alfajiri tumbo likaanza upya. Wakamkimbiza zahanati, na mimi nikafuata na kanga za kubadilisha. Tausi alimnywesha maji ya dawa kijiko kwa kijiko, anatapika, anampa tena. Hakuomba mtu ampokee. Mtoto alipopata nguvu ya kuinua kichwa, neno la kwanza alisema, "Lambalamba."

Tulidhani Tausi ataanza kulia. Wapi! Walipofika nyumbani alishika kisu, akakata mwanzi, akachonga vijiti kimoja kimoja, akavikwangua visimchome mtoto. Akaviweka sufuriani vikachemka mpaka maji yakabadilika rangi. Akavianika juani juu ya kitambaa safi, naye akakaa pembeni anafukuza nzi. Bi Mgeni akaleta kigoda na kipepeo cha ukindu, akakaa upande wa pili.

"Chonga na changu," akasema.

Mbwana alipopewa lambalamba hiyo, alilamba embe yote, akafika kijitini, akaanza kukitafuna. Tausi alimtazama, mikono kaiweka mapajani. Akamwacha atafune.

Basi Nasra, chupa umeisugua ikang'aa, sikatai. Lakini mdogo wako akiinua chupa hiyo anywe, midomo yake itagusa wapi? Lete hicho kifuniko nikione. Mlambaji hufika kijitini.