Shaame na Zimwi la Mwambani

Sogeeni, jamaa, mnipe masikio. Hapo kale palikuwa na mgane, jina lake Shaame, aliyebeba pacha wake wachanga kwa kuwafunga tumboni. Siku moja, maji ya bahari yamekupwa, zimwi lililokula watoto wa kijiji kizima likamkuta mwambani.

“Nipe mmoja, nikuache.”

“Sikupi.”

“Nipe mmoja, nikupe lulu.”

“Sikupi!”

“Watoto hubebwa na mama. Wewe mwanamume, tumbo lako la nini?”

Shaame akalikazia macho. “La kuwabebea hawa. Ukiwataka, anza na mimi!”

Zimwi likamrukia. Shaame akajitosa kwenye ufa wa matumbawe, na bahari ikamgeuza samaki. Mwili ukawa mwembamba kama ufito, ukajaa pete nyeusi na za manjano. Mdomo ukarefuka kama mrija, mkia ukachanua mwekundu kama upepeo wa mkononi. Pacha wakawa mayai, yamemganda tumboni.

Zimwi likapenyeza mkono ufani, ukanasa. Maji yakajaa, yakalifunika.

Baada ya siku kumi mayai yakapasuka.

“Baba, tutoke?”

“Tokeni, wanangu,” akasema Shaame. “Bahari ni yenu.”

Ngano yangu imetia nanga. Mwenye yake aitweke.