Hodi ya Bustani ya Liwali

Zamani, wageni wangu, kabla bustani hii haijawa ya watu wote, ilizungukwa na ukuta mrefu, na lango lake lilikuwa na milango miwili ya mninga. Ndani mlikuwa na vijito vya kuchimbwa, milangilangi yenye maua ya kunukia, na bwawa kubwa la mawe. Yote hayo yalikuwa ya Liwali Azani peke yake. Watu wa mji waliijua bustani kwa harufu yake tu.

Kiangazi kimoja, adhuhuri, moto ulizuka mtaani. Upepo ukaurusha kutoka paa moja la makuti hadi jingine. Nyuma ya watu kukawa moto, mbele yao ukuta. Wakarundikana langoni, wazee, wajawazito, watoto migongoni, wakaita, "Hodi! Hodi jamani!"

Ndani, bawabu Shomari alikuwa na funguo mkononi. Katikati ya kelele alimsikia mkewe, Mize, akimwita kwa jina. Akamtazama Liwali.

"Usifungue," alisema Liwali. "Wataikanyaga bustani ya marehemu baba, na moto utawafuata humu."

"Mke wangu yuko nje, Bwana."

"Nimesema usifungue!"

Shomari alibaki na funguo mkononi. Aliyevunja amri ya Liwali hakukaa tena mjini. Cheche zilianza kuangukia majani, na sauti za hodi zikapungua, zikabaki kikohozi.

Hapo akatoka Bi Zuwena, mama yake Liwali, ambaye watu wa nje hawakuwahi kumwona uso. Hakujitanda hata kanga. Alimpita mwanawe, akasimama langoni, akapaza sauti: "Karibuni!" Kisha akamgeukia bawabu. "Mwenye nyumba ameitikia, baba. Fungua."

Shomari akafungua. Watu wakamiminika, wakajitosa bwawani hadi shingoni, wakiwafunika watoto kanga zilizolowa. Mize aliingia akiburutwa, mikono imebabuka, lakini hai. Wengine walibaki pale pale langoni, wamekatwa pumzi na moshi.

Moto ulipokwisha, jeneza halikupatikana mji mzima. Liwali akaamuru milango ing'olewe, wafu wabebwe juu yake. Mwenyewe alishika pembe moja hadi makaburini.

Milango ile haikurudishwa. Na tangu siku hiyo, kila aingiaye bustani hii hubisha hodi kwenye lango lililo wazi, na yeyote aliye ndani, hata kama hamjui, humkaribisha. Wala hatumwachi mtu aite mara ya pili.