Mti kwa Mti

Kwa miaka kumi na mmoja, mchora ramani aliijua milima kama mtu anavyomjua jirani wa ghorofa ya juu: kwa habari tu, bila kuonana naye uso kwa uso. Ofisini alikuwa na meza ndefu ya kioo iliyomulikwa kwa chini, na juu yake alichora mabonde na vijito asivyowahi kukanyaga. Tangazo lilipobandikwa kwamba kitengo cha nyanjani kinatafuta mpimaji mmoja, na kwamba waombaji watajaribiwa mlimani, aliandika jina lake kabla gundi haijakauka.

Mwombaji wa pili, na wa mwisho, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Huyu alikuwa mbeba vifaa wa ofisi hiyohiyo, mwenye miguu mirefu kama korongo. Wenzake walimwita Upepo.

"Shemeji, mlima si karatasi," Upepo alimtania jikoni kwa dada mtu. "Huko hakuna kifutio."

"Basi nitajitahidi nisikosee," alijibu, na dada yake akacheka hata sufuria nusura imponyoke.

Asubuhi ya mtihani, mkuu wa kitengo, mama mfupi asiyependa maneno mengi, aliwasimamisha darajani chini ya mlima. Akampa kila mmoja dira na filimbi.

"Juu ya mgongo ule kuna kibanda cha kupimia mvua," alisema. "Mimi nitapita njiani, ninyi mtakatiza msituni. Fuateni nyuzi arobaini za dira kutoka kaskazini, kilomita tatu. Nataka mtu anayefika, na anayeweza kunieleza alikopita."

Upepo aliitazama dira mara moja, akaitia mfukoni. "Tutaonana juu, shemeji. Nitakuwekea chai!" Akapotelea vichakani.

Mchora ramani hakuwa na papara. Aliigeuza dira, akasubiri sindano itulie, akachagua mti wenye gome jeupe uliokuwa sawasawa na uelekeo wake. Akaufikia, akasimama, akachagua mwingine. Hivyo akaenda, mti kwa mti, akihesabu hatua na kuziandika daftarini. Mistari ya kimo cha ardhi ambayo ofisini aliichora ikibanana sasa ilimkaba pumzi kifuani, maana kumbe ule mbanano ndio mwinuko wenyewe! Alitweta, lakini moyo wake ulikuwa mweupe kama pamba.

Kisha ukungu ukashuka, mzito kama blanketi. Kushoto kwake akasikia sauti.

"Shemeji! Njoo huku, naona uwazi mbele!"

Kwa kweli upande ule kulikuwa na mwanga, na miguu yake ilitamani kuufuata. Aliinamia dira. Dira ilimwelekeza mbele moja kwa moja, kwenye kichaka kizito.

"Dira inakataa! Rudi tuambatane!"

"Dira haina macho, mimi ninayo!"

Hapo akakumbuka. Upande ule wa kushoto, kwa kalamu yake mwenyewe, aliwahi kuchora mistari iliyogusana kabisa. Ule haukuwa uwazi wa msitu. Lilikuwa genge, mwamba uliokatika wima kwenda chini.

"Simama hapo hapo! Kuna genge!" alipaza sauti. Akapuliza filimbi mara tatu. Hakujibiwa na chochote ila maji yaliyonguruma mbali chini.

Alimfikiria dada yake. Lakini kumfuata gizagiza ndani ya ukungu kungezaa watu wawili waliopotea badala ya mmoja. Akaandika daftarini: hatua elfu mbili na mia tatu, sauti kushoto. Akafunga kitambaa chekundu kwenye tawi, akaingia kichakani. Alipozuiwa na mwamba alihesabu hatua sitini kulia, akaupita, akarudi sitini kushoto, akaushika tena mstari wake. Kichaka kilimparura mikono, naye hakurudi nyuma. Hatimaye bati la kibanda likamtokea mbele ya pua.

"Mwenzako?" mkuu aliuliza.

"Hajafika. Ila najua pa kumtafutia."

Aliigeuza dira kwa nyuzi mia mbili na ishirini, akamwongoza mkuu kurudi alikotoka hadi kwenye kitambaa. Kutoka hapo walipiga filimbi na kuelekea kushoto taratibu, wakipapasa ardhi kwa fimbo. Safari hii filimbi ikajibu, dhaifu kama kilio cha kifaranga. Wakamkuta Upepo ameketi amekumbatia shina, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi, na hatua tatu mbele yake hakukuwa na ardhi.

"Niliteleza," alisema. "Nikasikia filimbi yako, lakini yangu ilikuwa imeniponyoka, na ngurumo ya maji ikaimeza sauti yangu. Nimekuwa nikiipapasia, nimeipata sasa hivi tu."

"Nyamaza, shemeji. Niegemee."

Walipanda polepole, mkono wa Upepo begani mwa mchora ramani. Mlangoni pa kibanda mkuu alilifungua daftari, akasoma hatua moja moja, akaandika chini yake jina la mpimaji mpya.

Upepo aliinua uso, akatabasamu kwa haya. "Lakini darajani niliondoka mbele yako, shemeji. Hilo huwezi kulikana."

"Wala silikani," alijibu akimfunga kifundo. "Ila kutangulia si kufika."