Bi Komba na Makumbi ya Topeni

Paukwa!

Pakawa!

Nani kalala?

Hakuna!

Basi songeeni karibu, na mwenye kutaka kukoroma atoke nje. Mimi sisimulii kuta.

Hapo kale, kale ile ya wanyama kusemezana, kulikuwa na Bi Komba. Kadogo, macho kama vikombe, vidole vyepesi. Alikuwa na mume, Bwana Komba, na Bwana Komba akishaleta chakula alikuwa na kazi moja tu: kunywa tembo la mnazi. Akinywa, analala. Akiamka, anauliza, "Limebaki?"

Bi Komba hakukosa chakula. Alichokosa ni chake mwenyewe. Kila akipita kwenye shamba la Mama Ndovu, minazi imejipanga mpaka kijitoni, moyo wake ulikuwa unaruka. Akasema, "Na mimi nitakuwa na shamba. Shamba langu, si la mtu."

Mumewe akacheka mpaka tembo likamtokea puani. "Wewe mke wangu, umekosa nini? Sikulishi?"

"Unanilisha, mume wangu, Mungu akuzidishie. Lakini cha kulishwa kinaishia tumboni. Nataka kitakachobaki."

Basi akaanza kuokota makumbi. Mnayajua makumbi? Yale maganda ya nazi ambayo watu wakishafua wanayatupa. Akayabeba kichwani mpaka kijitoni, kwenye mikoko, akachimba shimo topeni, akayafukia, akaweka mawe juu. Miezi ikapita, akachimba shimo la pili. Miezi ikapita tena, akachimba la tatu.

Nyani akamwona. "Bi Komba, unazika nani?"

Fisi akamwona. "Hebu mtazameni! Wenzake wanafukia mali, yeye anafukia takataka!"

Mumewe naye akasema, "Mke wangu, unanuka tope. Lala mlangoni."

Bi Komba akazidi kufukia. Shimo la kwanza lilipoiva akafukua kidogo. Makumbi yamelainika, meusi, yananuka kama nini! Akayaweka juu ya gogo, akashika mchi, akawa anaponda na kuimba:

*Gonga, kumbi, gonga!*
*Leo tope, kesho kamba.*
*Cha mume ni chakula,*
*changu mimi ni shamba!*

Maganda yakageuka nyuzi. Nyuzi akazisokota, kamba ikatoka, ngumu, nyekundu, nzuri! Ngiri akaitaka, akatoa kuku. Paa akaitaka, akatoa mbuzi. Bi Komba akawa na banda lake na mazizi yake. Na kila jioni akasokota kamba moja nene, hiyo hakuiuza, akaizungusha ukutani ikue.

Sasa Fisi akaingiwa na tamaa. Kumbe takataka ni mali! Akaenda kijitoni, akatazama mashimo. Ya zamani yameshaota majani, hayaonekani kitu. La tatu tope lake bado jipya, linang'aa. Fisi akasema, "Hili ndilo nono!" Akalifukua lote, akabeba, akaponda kwa pupa, akasokota.

Kulipokucha Bi Komba akakuta shimo tupu. Alipiga kelele! Alifuata nyayo za tope moja kwa moja hadi kwa Fisi, na mchi mkononi.

"Wewe Fisi! Makumbi yangu umeyapeleka wapi?"

"Makumbi gani, Bi Komba? Tope lina jina?"

"Lina jasho langu! Haya, mimi sifichi, nakwambia wazi: hayajaiva yale. Usimfunge kiumbe kwa kamba hiyo."

Fisi akacheka. "Wivu tu. Mwanamke ana siri gani ya kamba?"

Haikupita muda, mara ukelele! Mtoto wa Mama Ndovu ametumbukia kisimani, kile kisima kikuukuu karibu na kijito. Maji ya pwani yalikuwa yanajaa, yanapenya kisimani. Mtoto maji yako magotini. Mama akisogea, ukingo unamomonyoka. Akilaza mkonga, haufiki.

Mama Ndovu akalia, "Jamani! Atakayeleta kamba ya kumtoa mwanangu, namkatia nusu ya shamba langu la minazi, ile ya kijitoni. Mbele yenu nyote nasema!"

Bi Komba moyo ukamlipuka. Akakimbia nyumbani, akaitwaa ile kamba nene. Akaipima, haitoshi! Imepungua urefu wa mnazi mmoja. Akakimbia kijitoni, akafukua shimo la pili, limeiva sawasawa. Akashika mchi.

*Gonga, kumbi, gonga!*
*Leo tope, kesho kamba...*

Huku kisimani Nyani ameleta kamba ya mizizi. Mtoto akafungwa, Mama Ndovu akavuta. Pwa! Imekatika. Maji yako tumboni.

Fisi akaja kifua mbele. "Pisheni! Kamba ya makumbi hii, kazi ya mwanamume!" Mtoto akafungwa. Mama akavuta. Mtoto anapanda, anapanda, watu wanashangilia, yuko nusu ya kisima! Tah! Kamba ikachanika kama ganda la ndizi. Mtoto chubwi, matope yakaruka juu. Maji yako shingoni.

"Fisi!" Mama Ndovu akanguruma. Fisi alishajificha nyuma ya Ngiri.

Bwana Komba akaja mbio kwa mkewe, na siku hiyo macho yamemtoka, hana tembo kichwani. "Mke wangu, haraka! Maji yako shingoni! Ungaunga tu hivyo hivyo!"

"Siungiungi," Bi Komba akasema, vidole vinakimbia. "Kamba ya kuungaunga ni kamba ya Fisi. Shika ncha hii, vuta, usiongee!"

Akasokota, akakaza, akamalizia. Wakakimbia wote wawili, kamba mabegani. Maji yako mdomoni! Mtoto ameinua kimkonga chake juu, anapumulia huko. Bi Komba akajitupa kisimani kwa kamba, kadogo vile, akapiga fundo kifuani mwa mtoto. "Mama Ndovu, vuta!"

Mama akavuta. Kamba ikalia, kriiii, lakini haikukatika. Ikalia tena, haikukatika. Ikalia mara ya tatu, na mtoto huyo nje, anakohoa, Bi Komba ameng'ang'ania sikio lake!

Kelele! Vigelegele! Katikati ya kelele Bwana Komba akapanda gogo, akakohoa. "Jamani, mimi na nyumba yangu tunashukuru. Shamba langu nitalipokea leo."

Mama Ndovu akamtazama. "Nani alifukia?"

"Mke wangu."

"Nani aliponda?"

"Mke wangu."

"Nani alisokota?"

Bwana Komba akatazama miguu yake. "Mke wangu."

"Basi mwenye shamba ni Bi Komba. Wewe shuka kwenye gogo."

Na Fisi? Alitoa mbuzi wake wote kulipia lile shimo, na hadi leo akipita kijitoni anainamisha mgongo.

Jioni Bwana Komba akamwendea mkewe chini ya minazi, kibuyu kitupu mkononi. "Mke wangu, tembo la hapa, siwezi kuonja?"

"Utaonja, mume wangu. Mchi ule pale, makumbi yale pale. Ponda rundo, upate kibuyu."

Akaponda. Na mnajua alivyoimba? Aliimba wimbo wa mkewe, ila pale penye neno shamba aliimba "chake yeye ni shamba!"

Funzo siwafichi, mama zangu na dada zangu. Cha kupewa ni kitamu, lakini cha jasho lako ndicho kinachokaa. Wakicheka, wewe fukia. Na ukishafukia, ngoja kiive, maana mali ya pupa hukatika nusu ya kisima.

Ngano nimeipiga fundo. Anayeitaka, aifundue kwa vidole vyake.