Sifuri ya Kobe

Mlango umefungwa?
Umefungwa.
Masikio je?
Yako wazi.
Basi shikaneni.

Fisi alikuwa na shamba la mahindi, na wanyama wadogo walimlimia kwa kumwogopa. Kuangalia kazi hakujua; kuhesabu mashimo alijua. Kila alasiri alipita na fimbo yake: moja, mbili, tatu. Mwenye mashimo machache kuliko wenzake aliliwa.

Siku ya kwanza Kobe alichimba, akatia mbegu, akafukia vizuri. Fisi akapita, hakuona shimo hata moja.

"Kobe, sifuri."

"Nimeyafukia, bwana. Mbegu zimo ndani."

"Mimi nahesabu ninachokiona."

Kacha. Kacha. Panya Buku, aliyekuwa mstari wa pili, alisikia gamba likivunjika, akawafikiria wanawe watatu nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyetia mbegu wala kufukia. Kwa, kwa, kwa, majembe yakalia, mashimo matupu hadi mpakani.

Fisi akaona kila mmoja ana mengi, na tumbo lake halikufurahi. Akatangaza kwamba kesho atapima kina. Mwenye shimo fupi ndiye chakula.

Buku alikuwa mdogo kuliko wote. Alichimba, akachimba mpaka mbingu juu yake ikawa ndogo kama kifuniko cha sufuria. Alasiri Buku akapanda juu, Fisi akashusha fimbo, haikugusa chini. Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, haikugusa.

"Buku, hili lina fimbo ngapi?"

"Nikitaja mimi, bwana, utasema nimejiongezea. Mpimaji ni wewe."

Fisi hakumwamini yeyote. Akaingia kichwa mbele. "Moja," akasema. "Mbili." Kwenye tatu mabega yakakwama.

Buku hakungoja nne. Alisukuma udongo kwa mikono miwili, na wengine wakaja wakasukuma. Udongo ulikuwa tele. Pu, pu, pu. Tangu afe Kobe, hilo ndilo shimo la kwanza kufukiwa.

Mvua ikanyesha. Mashimo yakajaa maji. Ukaota mstari mmoja tu, ule wa Kobe, na wote wakagawana punje zake mpaka msimu mwingine.

Funzo la Fisi, basi: kazi isiyohesabika si kazi. Kesho mkifagia, taka msizoe. Ziacheni nizihesabu.

Hadithi nimeifukia.
Na iote.