Harusi Nzima Inachechemea

"Mrudishie bibi wa watu diski yake, Hilda, umwambie—"

"Simrudishii, kaka, maana bado—"

"—umwambie imeshindikana, aende Morogoro, huko wapo—"

"—bado siku tano, na haijashindikana."

"Chuo cha miaka mitatu ulikiacha mwaka wa pili," Ditram alisema. "Hii nayo utaiacha siku ya pili. Mimi nakuokolea muda tu."

Hildegarda akaigeukia kompyuta. Kaka yake alikuwa ameugusa mfupa. Tangu arudi nyumbani bila shahada, kila alichoshika watu walingoja akiache. Wawili hao walikuwa na duka dogo pale Mikumi, kando ya barabara kuu, wakiwawekea madereva wa malori nyimbo na filamu kwenye flashi. Ditram aliuza. Hilda alishughulika na kompyuta.

Diski yenyewe ililetwa na Bibi Sikuzani wa Kimamba. Ndani yake kulikuwa na harusi ya binti yake, ya mwaka elfu mbili na nne, na ndani ya harusi hiyo marehemu mumewe, Mzee Mwinshehe, alikuwa akiingia ukumbini na bibi harusi. Jumamosi ilikuwa zamu ya mjukuu kuolewa. Mjukuu huyo alizaliwa babu akiwa ameshazikwa. Alitaka aingie ukumbini huku babu yake akitembea mbele yake ukutani, kwenye picha kubwa. Nakala nyingine ya diski ile haikuwapo duniani.

Tatizo lilikuwa meno. Kamera za zamani zilichukua picha nusu nusu: nusu moja mistari ya kwanza, ya tatu na ya tano, nusu nyingine ya pili, ya nne na ya sita. TV za chogo zilizipokea vizuri kabisa. Za siku hizi zinazibandika nusu zote mbili kwa mpigo, kwa hiyo kila kinachosogea huota meno kama kitana. Mzee Mwinshehe akiinua mkono, mkono unachanika vipande.

Hilda alikuwa na programu ya bure ya kubadilisha video, akawa anaiandikia maelekezo yake mwenyewe. Jaribio la kwanza alizichanganya nusu zile mbili. Meno yalitoweka, ila kila mtu akapata kivuli.

"Shikamoo bibi. Tazama hapa."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akasogeza uso kwenye kioo. "Mume wangu alikuwa na miguu miwili. Huyu ana minne."

Jaribio la pili alitupa nusu moja akabaki na nyingine. Watu wakawa na ukungu, wakitembea kwa kurukaruka kama panzi. Bibi akatikisa kichwa. Siku ya tatu Hilda akaipa kila nusu nafasi yake, iwe picha kamili, moja baada ya nyingine. Picha ikang'aa. Ila kila aliyetembea alikwenda mbele, akarudi nyuma kidogo, akaenda tena.

"Acha hivyo hivyo," Ditram alisema. "Watu wa Kimamba ndivyo walivyocheza enzi hizo. Nani atajua?"

Bibi Sikuzani alitazama mpaka mwisho, kisha akajifunga kanga vizuri.

"Mjukuu wangu, mume wangu aligongwa mguu na toroli la mkonge, akachechemea hadi anakufa. Lakini humu anachechemea bwana harusi, anachechemea mpishi, harusi nzima inachechemea. Aliyechechemea alikuwa mmoja tu."

Ditram alicheka mpaka akashika kaunta. Hilda hakucheka. Maneno yale yalimwingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Ikiwa kila mtu anarudi nyuma, basi nusu zimepishana: ya pili inatangulia ya kwanza. Diski ilijieleza kwamba mistari ya kwanza, ya tatu na ya tano ndiyo inayoanza. Diski ilikuwa inadanganya, na yeye aliiamini siku tatu nzima. Akageuza mpangilio, akajaribu dakika moja. Mpishi akatembea sawasawa kama maji ya mfereji.

Lakini harusi ilikuwa ya dakika tisini na nne, na kompyuta ile kuukuu ilihitaji saa kumi kuimaliza. Alhamisi umeme ulikatika kazi ikiwa katika saa yake ya saba, yote ikapotea. Ijumaa asubuhi ukakatika tena.

"Sasa?" Ditram aliuliza. Safari hii hakutania.

"Mzee alipokuwa anakata mkonge," Bibi alisema akiwa kwenye benchi, "hakukata shamba zima kwa mpigo. Alikata majani ya kutosha mzigo mmoja, akafunga, akaweka kando. Mvua ikija, ulioloa ni ule wa mkononi tu."

Hilda akavuta kiti, akangoja umeme urudi. Kisha akaikata harusi vipande tisini na vinne, dakika moja moja, kila kinachokamilika kikihifadhiwa peke yake. Umeme ulikatika mara nne siku ile. Kila mara alipoteza kipande kimoja, akakirudia. Kufika Jumamosi adhuhuri aliunganisha cha mwisho.

Jioni, ukumbini, mjukuu alisimama mlangoni na shela lake. Ukutani Mzee Mwinshehe akatokea, akatembea. Wapambe walitembea vizuri, bwana harusi alitembea vizuri, na mtu mmoja tu alichechemea, kichwa juu, kama mwenye ukumbi. Mjukuu wake akamfuata hatua kwa hatua. Wazee wa Kimamba wakainuka vitini.

Ditram alimgusa jirani yake, mtu asiyemjua. "Aliyeitengeneza hiyo ni dada yangu." Akageuka upande wa pili, akamwambia na wa huko. "Dada yangu yule. Akianza kitu, hakiachi."

Hilda alisikia, akainamia kompyuta kana kwamba kuna waya umelegea.

Picha ilipokwisha, Bibi Sikuzani alinyanyuka meza kuu. Watu walidhani anakwenda kutoa shukrani. Alimpita mshereheshaji na kipaza sauti chake, akafika mbele ya Hilda, akanyoosha mkono.

"Bandu bandu huisha gogo, mjukuu wangu. Sasa irudishe mwanzo, unishike mkono unipeleke pale ukutani, nicheze na mume wangu."