Mikizi Wasio na Mayai

Kaeni vizuri, mnisikilize. Kijiji cha Mwambakuni kimekaa kwenye mkono mwembamba wa bahari, mikoko huku na mikoko kule. Humo walikuwamo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na jambo alilojaliwa kuliko wenzake.

Bi Kidawa alijaliwa mikono. Alikuwa mpara samaki dikoni, pale samaki wanaposhushwa, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na sita. Akimshika mkizi tumboni, kabla kisu hakijaingia, alikwambia kama ni jike au dume, na hakukosea.

Chande alijaliwa kumbukumbu. Alifanya kazi kwenye mabwawa ya kuzalishia vifaranga wa perege, juu kidogo ya kijiji. Hakuandika kitu. Lakini ukimuuliza vifaranga wa bwawa la tatu walilishwa nini Jumanne fulani mwaka juzi, alikujibu papo hapo.

Mwalimu Sekela alijaliwa subira. Alitoka Rungwe, milimani, akaja kufundisha kemia, na hata kuogelea alikuwa hajui. Wanafunzi walisema mwalimu huyu akikuuliza swali hukusubiri mpaka ujibu, hata kengele ikilia.

Sasa sikilizeni yaliyowakuta.

Kila mwaka mikizi waliingia Mwambakuni matumbo yamejaa mayai. Mwaka mmoja Bi Kidawa alipasua samaki thelathini, akakuta wenye mayai wawili tu. Akasema moyoni, labda wavuvi wamekutana na kundi la madume. Mwaka uliofuata alimshika mkizi, mikono ikamwambia jike. Alipompasua alikuta mayai machache makavu kama mchanga, na ubavuni mwake kifuko cheupe cha dume. Kisha akamtupa kwenye ndoo ya matumbo, akaendelea na kazi.

Wa namna hiyo aliwakuta wengi msimu ule, lakini hakumwambia mtu. Wanawake arobaini walikuwa wakipata riziki pale dikoni, na wateja wakisikia samaki wana kasoro, nani angerudi? Akanyamaza msimu mzima.

Msimu wa tatu nyavu zilirudi nyepesi. Samaki wadogo hawakuonekana kabisa. Ndipo Bi Kidawa alipofunga mikizi watatu kwenye mfuko, akaenda mpaka nyumbani kwa Mwalimu Sekela, aliyemfundisha mjukuu wake.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini hawa si madume na si majike. Niliwaona wengi mwaka jana, nikanyamaza."

"Kwa nini umeniletea mimi, Bi Kidawa?"

"Kwa sababu wewe ukiambiwa kitu, hucheki."

Mwalimu Sekela hakucheka. Alishuku kuna kitu majini, akachota maji ya bahari, akayapeleka maabara ya chuo mjini, safari ya saa nane. Wakamwambia chupa zake hazifai. Akarudi, akatafuta chupa za kioo, akaenda tena. Safari hiyo barafu aliyoyahifadhia maji iliyeyuka njiani, yakaharibika. Akaenda mara ya tatu, ya nne, ya tano. Likizo yake yote ya mwaka iliishia kwenye safari hizo. Ni katika likizo hiyo mama yake alipofanyiwa upasuaji kule Rungwe, akauguzwa na majirani.

Mara ya sita mtaalamu wa maabara alimkalisha chini. "Kuna homoni kwenye maji haya, za aina inayotengenezwa kiwandani," alisema. "Ni kidogo, na kwa kiasi hiki siwezi kusema zimetoka wapi. Yanaweza kuwa maji machafu ya mjini, yanaweza kuwa kitu kingine. Nijulishe zinaingilia wapi na saa ngapi, hapo nitakupa jibu ambalo hakuna mtu atakayelipinga."

Mwalimu alirudi Mwambakuni akaanza kuzunguka kijijini akiuliza. Kila aliyemuuliza alitikisa kichwa.

Chande alisikia kuwa mwalimu anauliza. Jibu alikuwa nalo. Perege dume hukua haraka kuliko jike, na pale mabwawani walitaka madume watupu. Kwa hiyo vifaranga, wakiwa wadogo kama punje ya mchele, walilishwa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume. Chande mwenyewe ndiye aliyekichanganya, miaka minne, amevaa glavu. Maji ya vifaranga yalipobadilishwa, hayakupitia mfereji mkubwa ambao wakaguzi huoneshwa. Yalipitia bomba lililofichwa chini ya mikoko, na lilifunguliwa bahari ikiwa imejaa, ili ikianza kupwa maji hayo yaondoke nayo.

Mke wa Chande alikuwa na mimba ya miezi saba. Hakukuwa na kazi nyingine karibu. Chande alikaa na jambo hilo wiki mbili. Ijumaa moja, akitoka msikitini, alikwenda moja kwa moja shuleni.

"Mwalimu, kesho kutwa saa saba mchana nenda ng'ambo ya mfereji, kwenye mkoko ulioinama. Chota maji pale, bomba linapotokea."

"Wakijua ni wewe uliyeniambia?"

"Watajua. Wanaolifahamu bomba lile tuko wanne tu."

Mwalimu alichota, na safari ya saba ilileta jibu. Wakaguzi wakaja. Mwenye mabwawa akasema dawa hiyo aliijaribu mara moja tu, zamani. Chande akasimama mbele yake, akataja kutoka kichwani mwezi kwa mwezi, bwawa kwa bwawa, kiasi alichochanganya. Walipoyalinganisha maneno yake na karatasi za ghalani, hayakupishana. Jioni hiyo hiyo alifukuzwa kazi.

Bomba lilizibwa. Diko lilifungwa msimu mzima ili mikizi wazaane, na ulikuwa msimu mgumu. Watu walikula mihogo mitupu, na wengine walipita mlangoni kwa mwalimu bila kumwamkia. Mwaka mmoja ukapita, kisha wa pili. Asubuhi moja Bi Kidawa alimshika mkizi, akampasua taratibu, na mayai ya manjano yakajaa kiganjani mwake. Aliinua mkono juu ili wenzake waone.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Kesi ilipohukumiwa, mwenye mabwawa aliamriwa akiachie kijiji bwawa moja kubwa, safi, la kufugia samaki bila dawa. Mkutano wa kijiji ukakubaliana bwawa hilo apewe mtu aliyeuokoa mkono wa bahari. Lakini kibali cha bwawa kilitaka jina moja, kwa miaka kumi, wala hakikuruhusu ubia.

Mwenyekiti, Bi Msimu, aliwaita wote watatu mbele ya ukumbi wa shule.

"Mimi niliona ambacho macho ya kijiji kizima hayakukiona," alisema Bi Kidawa. "Nisingekwenda kwa mwalimu, tungekuwa tunailaumu bahari mpaka leo."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ulinyamaza msimu mzima, bibi."

"Nilinyamaza. Nilikuwa nawaogopea ninyi."

Chande akasema, "Mimi sina maneno mengi. Bila mimi wangechota maji mpaka bahari ikauke. Na kazi sina mpaka leo."

"Na mikono iliyochanganya sumu hiyo ilikuwa ya nani?" aliuliza Bi Kidawa, bila ukali.

"Yangu," alisema Chande. "Ndiyo maana nilijua."

Mwalimu Sekela akasimama. "Mmoja alikuwa na samaki, mwingine alikuwa na siri. Hakuna mkaguzi ambaye angepanda gari kwa ajili ya samaki au siri. Nilileta ushahidi, na ulinigharimu siku ambazo mama yangu alinihitaji. Lakini mimi ni mgeni. Serikali ikinihamisha kesho, nitaondoka. Mlifikirie hilo pia."

Ukumbi ukagawanyika. Wapara samaki walimtaka Bi Kidawa. Vijana walisema Chande alipoteza zaidi. Wazazi walisema mwalimu angeweza kuacha baada ya safari ya kwanza, na hakuacha. Kila aliyesimama alisema kweli, na kila aliyefuata alisema kweli nyingine.

Bi Msimu aliiweka fomu mezani, akashika kalamu. Nafasi ya jina ilikuwa mstari mmoja tu.

Haya, mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama machoni ukawaambia nini?